Majina ya ndugu zetu walioko ng'ambo ya ziwa yaandikwe sasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kuhusu Watanzania waliokwama Goma na Bukavu, miji ya mashariki ya Kongo iliyotekwa na waasi, yule aliyesema kwamba hao watu walijipeleka wenyewe, walijua kule kuna vita miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo serikali isihangaike kuwatafuta kwa hela ya walipa kodi. Nimeisoma ile barua nikasema hapana, hii siwezi kuiacha ipite hivihivi, maana mimi nakaa Kigoma, nimestaafu reli, nyumba yangu iko Mwanga, na huku kwetu ni kazi kupata mtaa ambao hauna mtu wake ng'ambo ya ziwa.

Walifuata nini? Walifuata riziki, basi. Asiyejua aende Kibirizi asubuhi boti zikipakia, au aende bandarini aangalie mzigo wa Kalemie na Uvira unavyopandishwa, saruji, mabati, sabuni, unga wa ngano, chumvi ya Uvinza, na kutoka kule vinakuja vitenge na mengine mengi. Kuna akina mama wa hapa wamesomesha watoto mpaka chuo kikuu kwa vitenge vya Kongo na leo hao watoto wako maofisini Dodoma. Kuna mafundi cherehani wa Ujiji wako Bukavu, kuna madereva wa malori, kuna vijana wanaouza spea za pikipiki, kuna waliooa kule wana watoto wanaongea Kiswahili cha kule na hawajawahi kuiona Kigoma. Na Wamanyema wa Ujiji mababu zao walitoka hukohuko Kongo, sasa mtu wa namna hiyo kwenda Kongo ni kwenda kwa shangazi yake, unamwambiaje walifuata nini?

Lakini kilichoniuma zaidi kwenye ile barua sio hilo. Kilichoniuma ni jinsi anavyoongea kama vile ukikuta mji umetekwa unachukua begi unaondoka. Watu wengi wakisikia mji umetekwa wanawaza risasi tu, na risasi kweli inatisha, ila risasi siku zingine inapita halafu yanabaki maisha, na maisha ya mgeni kwenye mji uliotekwa ni kitu kingine kabisa. Mwenyeji ana shamba kijijini, ana ukoo, ana padri au shehe anayemjua toka mtoto. Askari ana bunduki na wenzake. Mgeni ana nini? Ana leseni ya biashara iliyosainiwa na ofisi ambayo haipo tena, ana kibali cha kukaa chenye muhuri wa serikali ambayo wakubwa wapya hawaitaki, na akisema basi ngoja niende kwa hao wakubwa wapya wanipe karatasi nyingine, anajua kabisa kwamba siku ile serikali ya mwanzo ikirudi ataulizwa kwanini ulienda kujiandikisha kwa adui. Akikaa kimya anakosea, akienda anakosea. Na kila mtu anamshuku, huyu anaona ni mpelelezi wa kule, yule anaona ni mpelelezi wa huku, kisa lafudhi.

Halafu pesa. Goma ilipotekwa na waasi wa M23 mwisho wa Januari 2025 na Bukavu ikafuata Februari, mabenki yalifungwa, na uwanja wa ndege wa Goma nao ukafungwa. Mpwa wangu yuko Bukavu anauza betri na taa za sola, kijana mchapakazi, hana tatizo na mtu, na hela yake yote ya mtaji ilikuwa benki. Kwa hiyo alikuwa na hela kwenye karatasi lakini hana hela ya unga. Wateja wake nao ni hivyohivyo, kwa hiyo hata mali iliyobaki dukani hakuna wa kuinunua. Watu wa Goma wakawa wanavuka mpaka kwenda Gisenyi upande wa Rwanda kutafuta pa kutolea pesa. Sasa mtu mwenye pasipoti yake safi anaweza kuvuka, je yule aliyeingia Kongo kwa hati ya dharura ya safari ambayo imeshaisha muda, anavukaje? Dada yangu, mama yake huyo kijana, alikuwa halali, simu ikiita usiku anaogopa kuipokea na isipoita anaogopa zaidi.

Sitaki kuingia kwenye siasa za nani anamsaidia nani kule, serikali ya Kongo inaita ule ni uvamizi, M23 wenyewe wanasema wamekomboa watu, wenye kazi ya kubishana wabishane. Mimi naongelea raia wa nchi ya tatu aliyekutwa katikati. Na ninachotaka kusema ni kimoja tu, kwamba mtu huyo anaponea au anapotelea kwenye swali moja, je kuna mahali nje ya ule mji ambapo jina lake limeandikwa na kuna mtu anayeliulizia? Hili sijalitoa hewani. Limeshatokea hapahapa kwetu, kwenye reli hii ya kati, Tabora na Kigoma, na sijui kwanini mashuleni wanalipita haraka hivyo.

Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza Agosti 1914, ndani ya hii nchi iliyokuwa ya Mjerumani walikuwemo Waingereza wa kiraia, hasa wamisionari, wale wa UMCA na wale wa CMS (zote misheni za Kianglikana) waliokuwa Ugogo na Ukaguru. Walimu, mapadri, manesi, wengine akina mama watu wazima walioishi humu miaka. Jana yake walikuwa majirani wa Mjerumani wanaalikana chai, leo ni raia wa adui. Wakakusanywa, wakawekwa Kiboriani kule milimani Mpwapwa na sehemu zingine, na mwishowe wengi wakaletwa Tabora, na Tabora ndiko gavana Schnee alikohamishia serikali yake mambo yalipokuwa magumu pwani. Walisota kweli, sikatai, chakula kibaya, kudhalilishwa, magonjwa. Lakini walikuwa wanahesabiwa. Walikuwa na serikali yao na makanisa yao yenye majina yao, na aliyewashika alijua kwamba iko siku ataulizwa mmoja mmoja uko wapi.

Sasa waangalie waalimu Waafrika wa misheni hizohizo. Hawa hawakuwa Waingereza, walikuwa watu wa nchi hii, ila walisomeshwa na Mwingereza, wanaomba kwa kitabu cha Mwingereza, basi ikawa ni kosa. Wakakamatwa kwa kushukiwa upelelezi, wakachapwa, wakafungwa minyororo, wakapelekwa Tabora, na wako waliokufa humohumo kifungoni. Wamisionari walipotoka waliandika habari zao, zikachapwa, zikasomwa. Waalimu hawa wengi wao hata sisi wajukuu hatuwezi kuwataja. Mji ni uleule, mashitaka ni yaleyale ya kuwa upande wa Mwingereza, ila mmoja kuna watu wanamdai na mwingine hakuna anayemdai.

Na Wahindi nao. Wenye maduka kwenye reli hii, Tabora, Ujiji, kote, wengi walikuwa ni raia wa himaya ya Uingereza kwa karatasi. Kwa hiyo mfanyabiashara aliyekuja toka Gujarat kuuza vitambaa na mafuta ya taa, hajui hata Uingereza inafananaje, ghafla anakuwa adui ndani ya duka lake mwenyewe, na wako waliokamatwa. Waarabu wa Ujiji, Wagiriki waliokuja na kazi za reli, kila mmoja aliangaliwa karatasi yake inasema nini. Ndio maana nasema mambo ya mpwa wangu pale Bukavu mimi siyaoni mapya hata kidogo.

Kuna jambo la pesa vilevile ambalo mtu wa reli lazima nilitaje. Mjerumani alipozibiwa bahari na meli za Mwingereza, hela kutoka Ulaya zikakatika, na mwaka 1916 pale Tabora kwenye karakana ya reli wakaanza kutengeneza sarafu zao wenyewe. Walitengeneza heller 5 na heller 20 (heller ndio senti ya Mjerumani huku) za shaba nyeupe na nyekundu, chuma chenyewe kingine ni maganda ya risasi za mizinga, na walitengeneza ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, zikawekwa herufi T ya Tabora. Leo hii sarafu ya dhahabu ya Tabora inatafutwa na wakusanyaji dunia nzima na watu wanaisifia ni nzuri. Ni nzuri kweli, ila kwangu mimi inasema mji umebanwa, hela hakuna. Pamoja na hizo kulikuwa na noti za dharura za karatasi. Fikiria mwenye duka aliyeuza mali yake yote akabaki na maboksi ya noti za serikali ambayo wiki ijayo inakimbilia porini.

Maana ilikimbia kweli. Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur walikuja toka kaskazini na magharibi, jeshi lenyewe askari wake wengi ni Wakongo, kukapiganwa vikali Itaga na sehemu za karibu, Jenerali Wahle wa Mjerumani akaondoa askari wake, na tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora. Siku ileile Waingereza waliokuwa ndani wakawa huru, na Wajerumani wa kiraia waliobaki mjini, wake za maofisa, watoto, wamisionari, wakawa wao ndio raia wa adui. Hata Ada, mke wa gavana Schnee, aliachwa Tabora wakati mumewe anarudi nyuma na jeshi, na huyu mama kwao kwa kuzaliwa ni New Zealand, nchi ya himaya ya Mwingereza! Kwa hiyo alikuwa mtu wa upande gani? Karatasi ya ndoa ilisema Mjerumani basi akawa Mjerumani. Baadaye Wajerumani raia wakasafirishwa kupitia Kongo mpaka Ulaya, safari ndefu ya kuchosha, lakini tena nasema, walisafirishwa kwa orodha, na walifika.

Huku Kigoma Wabelgiji walitangulia kuingia, tarehe 28 Julai 1916, siku mbili tu baada ya Wajerumani kuizamisha meli yao Goetzen wenyewe ili isichukuliwe, meli ambayo ndio hii Liemba yetu. Na hapa Wabelgiji hawakukaa kidogo, walikaa mpaka Machi 1921 ndio wakamwachia Mwingereza. Karibu miaka mitano Kigoma na Ujiji ilikuwa ni mji unaokaliwa na jeshi la nje, na ndani yake wako Wahindi, Waarabu, Wagiriki, watu wa Burundi, watu wa Kongo waliokuwa wamekimbia utawala wa huyohuyo Mbelgiji sasa amewafuata mpaka walipokimbilia. Na babu zetu walikamatwa upagazi, na Mjerumani na Mbelgiji wote, mizigo kichwani, na aliyeanguka njiani aliachwa. Nani aliandika majina ya wapagazi? Nendeni mkaangalie makaburi yenye majiwe yaliyochongwa vizuri ya ile vita, mtaona wenye majina ni akina nani.

Nisije nikaonekana nang'ang'ania ya kale, nije karibu. Agosti 2, 1990 Iraki iliingia Kuwait, na Kuwait ni nchi ambayo wageni walikuwa wengi kuliko wenyeji. Wazungu wengine walizuiwa, wakapelekwa kukalishwa karibu na sehemu za kijeshi ili wasishambuliwe, dunia nzima ikapiga kelele mpaka wakaachiwa kufikia Desemba, na kelele ilikuwa ya haki kabisa. Lakini mimi wanaonivutia ni Wahindi. Walikuwepo zaidi ya laki moja na nusu, wahasibu, mafundi, wapishi, madereva, walifuata kazi tu kama mpwa wangu. Mabenki hayafanyi kazi, dinari ya Kuwait imefutwa, waajiri wamekimbia na pasipoti za wafanyakazi ziko makabatini mwao. Walichofanya ni kujipanga wenyewe kwanza, wafanyabiashara wa Kihindi wa mlemle ndani wakaunda kamati, wakaandikisha watu, wakapanga chakula, wakapanga mabasi. Serikali yao nayo ikamtuma waziri wa mambo ya nje, Gujral, mpaka Baghdad kwa Saddam mwenyewe, akasemwa sana kwa kukumbatiana na yule bwana, lakini watu wake wakaruhusiwa kutoka. Mabasi kutoka Kuwait mpaka Iraki, Iraki mpaka Jordani, pale Amman ndege za Air India zinasubiri, na kati ya Agosti na Oktoba wakatolewa watu zaidi ya 170,000. India ya 1990 haikuwa nchi tajiri jamani. Huyo ndugu yangu msomaji aniambie, kama India ingesema walijipeleka wenyewe, wale watu wangekuwa wapi?

Na asije mtu akasema subirini, hali itatulia baada ya siku chache. Manila, Ufilipino, Wajapani walipoingia Januari 1942 waliwaambia Wamarekani na Waingereza waliokuwa wakiishi pale wabebe chakula na nguo za siku tatu, wakawafungia kwenye chuo kikuu cha Santo Tomas, na walikuja kutoka Februari 1945, wamebaki mifupa. Huko Ukraine juzijuzi mji wa Kherson ulipochukuliwa na Warusi Machi 2022 walikuwemo wanafunzi Waafrika waliokwama ndani, wenzao wa miji mingine wameshavuka mipaka wao bado wamejifungia vyumbani wanahesabu mkate. Mji ulikuja kurudi Novemba. Kwa mwanafunzi asiye na hela hata wiki chache ni ndefu mno.

Sasa kuna sheria au hakuna? Ipo. Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949 unahusu raia, na Tanzania imo. Unakataza kuchukua watu mateka, unakataza kumlazimisha raia wa mji uliotekwa aingie kwenye jeshi la aliyeuteka, unasema mtu aweze kupeleka na kupokea habari za familia yake, na kifungu cha 48 kinamtaja kabisa huyu mgeni ninayemuongelea, yule ambaye sio raia wa nchi ya mji uliokaliwa, kwamba ana haki ya kuomba kuondoka. Najua wanasheria wanabishana kama ya Kongo ihesabiwe ni vita ya ndani au ya nchi na nchi, na kwa hiyo kifungu kipi kinabana na kipi hakibani, sawa. Ila hata kifungu kikibana vipi, mtu hawezi kudai haki ya kumtoa mtu ambaye hajui kama yupo. Ubalozi wetu uko Kinshasa, ubalozi mdogo uko Lubumbashi, na mtu wa Bukavu Kinshasa kwake ni mbali kuliko Dar es Salaam. Hapo katikati hajui aende wapi, na wao hawajui yuko wapi.

Kwa hiyo nasema tuanzie Kigoma, tusianzie Kinshasa. Hapa kila mwenyekiti wa mtaa, toka Kibirizi mpaka Ujiji, Gungu, Mwanga, Katonga, Bangwe, akipewa daftari na wiki moja tu ya kuita watu, anaweza kupata majina ya ndugu wa mtaa wake walioko Goma, Bukavu, Uvira, Fizi, Kalemie, kila jina na mji na mtaa anaokaa na kazi yake na namba ya simu na nani wa kumjulisha huku nyumbani. Sio kazi ya mamilioni. Na kama viongozi wanaona hawajui waanzie wapi basi wawafuate akina mama wa vikoba wanaofanya biashara ya ng'ambo, hao wanajua nani yuko wapi kuliko ofisi yoyote ya serikali, kwa sababu wanakopeshana. Mama hawezi kumkopesha mwenzie laki tano akapande boti bila kujua anafikia kwa nani, atarudi lini, na asiporudi aulizwe nani. Mabuku yao yale ya marejesho yana habari ambazo Uhamiaji hawana. Nimewahi kuonyeshwa moja, mbele ya jina kumeandikwa mji, jina la mwenyeji, namba ya simu ya huku na ya kule. Hicho ndicho ninachokiomba, ila cha mkoa mzima.

Nimeshaongea na baadhi ya watu hapa na wasiwasi wao ni huu, na ni wasiwasi wa maana sijaudharau. Wanasema tukiandikisha majina, wale walioingia Kongo bila karatasi nzuri watakamatwa siku wakirudi, au watadaiwa kodi, au orodha itavuja iingie mikononi mwa wabaya kule wajue huyu ni Mtanzania ana ndugu wenye hela. Ndiyo, hatari ipo.  Kwa hiyo hilo daftari lisiwe la polisi wala la mamlaka ya mapato, na lisikae kwenye magrupu ya simu ambapo kila mtu anasambaza. Likae ofisi ya mkoa na nakala wapewe Msalaba Mwekundu, maana hao kazi ya kutafuta ndugu waliopotezana wanaifanya mkoa huu miaka mingi, Nyarugusu pale wanawatafutia Wakongo na Warundi watoto wao na wazazi wao. Watu wengi wa Kigoma wanafikiri ile huduma ni ya wakimbizi tu. Na mtu aliyeingia bila karatasi nzuri atangaziwe wazi na mkuu wa mkoa kwamba akijiandikisha hatashitakiwa kwa hilo. Atangaze kwa mdomo wake, redioni, watu wasikie.

Na nyinyi wenye ndugu kule msisubiri serikali peke yake. Mwambie ndugu yako apige picha pasipoti au hati yake akutumie sasa hivi wakati bando lipo, na kibali cha kukaa, na leseni, na vyeti vya watoto kama amezaa kule, maana mtoto aliyezaliwa Bukavu kwa mama Mkongo na baba wa Ujiji siku ya kutoka ndiye atakayekwamisha safari nzima kama hana karatasi. Mkubaliane siku ya kupigiana simu. Asihifadhi mtaji wote sehemu moja. Asivae nguo inayofanana na ya jeshi lolote, asipige picha magari ya askari hata kama wote wanapiga, asibebe mzigo wa mtu kumvusha kizuizini kwa sababu ya elfu kumi. Mpwa wangu nimemwambia haya yote mpaka kachoka na mimi, na atachoka sana.

Nirudi kwa msomaji mwenzangu. Sikuchukii ndugu yangu, huenda wewe uko mkoa ambao mpaka unausikia kwenye redio tu. Lakini unaposema wasitafutwe, unasema juu ya watu ambao wamelipa ushuru bandari ya Kigoma kila walipotoka na kila walipoingia. Hizo hela za walipa kodi unazozionea huruma na zao zimo. Hawajaomba ndege. Hawajaomba hata nauli, wengi wao wana akili ya kujitafutia njia, ziwa hili wanalijua kuliko mimi na wewe. Wanaomba siku wakifika kizuizini na askari akiwauliza nyinyi ni watu wa nani, kuwe na ofisi inayoweza kupokea simu ikasema hao ni wa kwetu, majina yao haya hapa.

Kwa hiyo Mhariri, ombi langu kwako ni hili. Tuma mwandishi wako wa Kigoma aende ofisi ya mkuu wa mkoa aulize kama kuna orodha yoyote ya Watanzania wanaoishi miji ya mashariki ya Kongo, iko wapi, nani anaitunza, na mara ya mwisho imeandikwa lini. Akitoka hapo apite Msalaba Mwekundu aulize familia ya hapa ikitaka kumtafuta mtu Bukavu inaanzia dirisha gani na inatakiwa ije na nini. Majibu yoyote watakayompa, yawe mazuri yawe mabaya, naomba yachapwe ukurasa ambao watu wanausoma, na mtusaidie yabandikwe Kibirizi na pale bandarini kabla boti za wiki ijayo hazijaondoka.

Wako,
Mstaafu wa reli,
Mwanga, Kigoma.